Umeneja wa soka kwa njia ya posta: Jinsi mchezo huu unavyoendeshwa

KABLA ya intaneti kuingia katika nyumba nyingi, walikuwapo mashabiki wa kandanda nchini Uingereza ambao kila baada ya majuma mawili au matatu waliketi mezani, wakajaza fomu ya kikosi cha wachezaji 11, wakaitia ndani ya bahasha na kuipeleka posta. Siku kadhaa baadaye bahasha nyingine ilirudi ikiwa na matokeo ya mechi, jedwali la ligi, orodha ya majeruhi na salio la fedha za klabu. Hapakuwa na uwanja, mpira wala refa mwenye filimbi. Hata hivyo, ligi ilikuwa kamili: mabingwa walitawazwa, wanyonge wakateremshwa ngazi, na baadhi ya mameneja wakafilisika.

Huo ndio mchezo wa umeneja wa soka kwa njia ya posta. Makala haya yanaeleza asili yake, kanuni zake, jinsi mechi zinavyoamuliwa na sababu zilizofanya bahasha iipishe tarakilishi. Yafaa itajwe mapema kwamba hapakuwa na kanuni moja iliyofuatwa na ligi zote. Kila mchezo ulikuwa na kitabu chake cha sheria, na maelezo yafuatayo yanahusu mambo yaliyokuwa ya kawaida katika mingi kati ya michezo hiyo.

Mchezo huu ni nini?

Kundi la watu, aghalabu wasiojuana kwa sura, hujiandikisha kwa mtu mmoja anayeitwa msimamizi. Kila mmoja hupewa klabu ya kubuni na wachezaji wa kubuni. Meneja huamua nani acheze, katika nafasi gani na kwa mtindo upi. Nani auzwe na nani anunuliwe. Fedha zitumiwe kwa mazoezi au zihifadhiwe. Maagizo hayo huandikwa na kutumwa kwa msimamizi kabla ya siku iliyowekwa. Msimamizi hulinganisha maagizo ya timu zote, hupiga hesabu, kisha huwatumia mameneja wote matokeo.

Msomaji asiuchanganye mchezo huu na ule wa kubashiri kikosi unaopendwa sana nchini Kenya, ambapo mtu huchagua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kutokana na mabao waliyofunga viwanjani. Mchezo huo rasmi wa Ligi Kuu ulianza mnamo 2002. Humo, uamuzi wako haumdhuru mpinzani wako hata kidogo. Mnaweza kumchagua mshambulizi yuleyule na nyote mkafaidi. Katika umeneja wa posta, mchezaji mmoja ni mali ya klabu moja tu, na beki unayemwongeza leo ndiye atakayemnyima mwenzako bao kesho. Ni pambano la akili mbili, kila moja ikijaribu kukisia nyingine imeandika nini ndani ya bahasha.

Asili yake

Kucheza kwa barua si jambo geni. Kati ya 1824 na 1828 vilabu vya sataranji vya London na Edinburgh vilichuana kwa kupelekeana hatua moja moja kwa barua, na Edinburgh ikaibuka mshindi. Hapo hata stempu ilikuwa haijabuniwa. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza mnamo 1840, na tangu hapo gharama ya kutuma barua ikawa nafuu kwa mwananchi wa kawaida. Wachezaji wa sataranji ya barua hatimaye waliunda shirikisho lao la kimataifa, ICCF, mnamo 1951.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokana na mchezo wa Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kuchapishwa mnamo 1959. Mchezo huo unahitaji watu saba, na kuwakusanya saba chini ya paa moja kwa saa nyingi si kazi rahisi. Mnamo 1963, John Boardman wa New York alianza kuuendesha kwa barua kupitia kijarida chake, Graustark. Mtindo huo ulivuka bahari na kufika Uingereza, ambako Don Turnbull alianzisha kijarida cha Albion mnamo 1969.

Wakati uo huo, Mmarekani Rick Loomis alianza mnamo 1970 kuendesha mchezo wa Nuclear Destruction, na kampuni yake ya Flying Buffalo ikawa miongoni mwa za mwanzo kuifanya michezo ya posta kuwa biashara, huku hesabu zikipigwa kwa tarakilishi. Kuanzia hapo njia zikawa mbili. Upande mmoja walikuwapo waandaaji wa vijarida vidogo, walioendesha michezo kwa mapenzi tu na kutoza gharama ya karatasi na stempu. Upande mwingine zikawapo kampuni zilizotoza ada kwa kila zamu ya mchezo. Kufikia 1983 shughuli hii ilikuwa imekua kiasi cha kuwa na jarida lake maalumu nchini Uingereza, Flagship.

Katika nchi inayoipenda kandanda kama Uingereza, haikushangaza kwamba soka iliingia katika bahasha pia. Mmojawapo wa michezo iliyojulikana sana katika vijarida hivyo ni United, uliobuniwa na Alan Parr. Mingine mingi ilifuata, mingine ikiwa ya kampuni na mingine ikiwa ya watu binafsi waliokarabati sheria za wenzao kadiri walivyoona inafaa.

Klabu inavyoanza

Meneja mpya hupokea mambo matatu: kitabu cha sheria, karatasi ya kikosi na ratiba ya msimu. Karatasi ya kikosi ndiyo roho ya klabu. Humo kila mchezaji ameandikwa jina, umri, nafasi anayochezea na alama ya ustadi. Nafasi kwa kawaida huwa nne: kipa, beki, kiungo na mshambulizi. Michezo mingine huongeza winga au beki huru anayesimama nyuma ya wenzake.

Timu zote huanza zikiwa na uwezo unaokaribiana. Katika baadhi ya ligi, mameneja hupewa jumla ya alama na kuachiwa wazigawe wapendavyo: anayetaka mshambulizi hatari humpata, ila atalazimika kuwavumilia mabeki hafifu. Kwa hivyo uamuzi wa kwanza kabisa, ule wa kugawa alama, huweza kumwandama meneja kwa misimu miwili au mitatu.

Ligi huwa na idadi ndogo ya timu ili msimu usirefuke kupita kiasi. Chukua mfano wa daraja lenye timu 10, kila moja ikicheza nyumbani na ugenini dhidi ya nyingine zote. Hizo ni mechi 18. Ikiwa zamu moja huwa na mechi mbili, msimu huhitaji zamu tisa. Na ikiwa kila zamu huchukua majuma matatu, msimu mzima huisha baada ya majuma 27, yaani zaidi ya nusu mwaka. Hapo hatujataja mechi za kuwania kombe. Mchezo huu, basi, haukumfaa mtu mwenye pupa.

Fomu ya maagizo

Fomu ya maagizo hujazwa kwa kila mechi. Meneja huandika majina 11 na nafasi zao, wachezaji wa akiba, mpigaji penalti na nahodha. Mchezaji anayepangwa mahali asipopazoea hupoteza sehemu ya alama zake. Beki hodari akipelekwa mbele huenda akahesabiwa nusu tu ya thamani yake.

Kwa kuwa meneja hawezi kusimama kando ya uwanja na kupiga kelele, michezo mingi humruhusu kuandika maagizo yenye masharti. Mathalani: iwapo tutakuwa nyuma kwa bao moja wakati wa mapumziko, mtoe beki wa nne, mwingize mshambulizi wa tatu. Au: iwapo tunaongoza kwa mabao mawili, rudisha kiungo mmoja nyuma. Sharti lisiloandikwa vizuri ni balaa. Meneja aliyeandika tu "tukishindwa, tushambulie" amemwachia msimamizi swali la kushindwa lini na kushambulia kwa nani, na msimamizi mwadilifu hatamjazia mapengo. Agizo lisiloeleweka hupuuzwa.

Jinsi mechi inavyoamuliwa

Hapa ndipo penye kiini cha mchezo. Njia za hesabu ni nyingi, lakini nyingi hufuata hatua tatu: kutafuta nani ametawala sehemu ya kati, kujua ni nafasi ngapi za kufunga zilizopatikana, kisha kuamua kwa bahati ni ngapi kati yake zilizozaa mabao. Tutumie mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya ili msomaji aone jinsi tarakimu zinavyogeuka kuwa mabao.

Timu ya Tufani inacheza nyumbani dhidi ya Radi. Jumla ya alama za Tufani ni 22 kwa ulinzi, 16 kwa kiungo na 14 kwa mashambulizi. Kipa wake ana alama 6. Radi ina 18 kwa ulinzi, 19 kwa kiungo na 10 kwa mashambulizi. Kipa wake ana alama 5. Kwa kuwa iko nyumbani, Tufani inaongezewa alama 4, ambazo meneja wake anaweza kuziweka sehemu yoyote.

Sheria za mfano wetu ni hizi. Kila timu huanza na nafasi 4 za kufunga. Timu inayoongoza katika kiungo huongezewa nafasi moja kwa kila alama inayozidi. Kisha mashambulizi ya kila timu hulinganishwa na ulinzi wa mpinzani: kwa kila alama 4 ambazo ulinzi umezidi, washambulizi hupoteza nafasi moja. Kwa kila nafasi iliyosalia, dadu mbili hurushwa. Bao huhesabiwa ikiwa jumla ya dadu hizo inafikia alama za kipa ukiongeza 3.

Tuseme meneja wa Tufani anapenda mabao na anaziweka alama zake zote 4 kwa mashambulizi, yakawa 18. Radi inaongoza kiungo kwa 19 dhidi ya 16, kwa hivyo inapata nafasi 7, nayo Tufani inabaki na 4. Mashambulizi ya Tufani ni sawa na ulinzi wa Radi, hivyo haipotezi kitu. Ulinzi wa Tufani unazidi mashambulizi ya Radi kwa alama 12, kwa hivyo Radi inapoteza nafasi 3 na kubaki na 4. Kila timu ina nafasi 4.

Sasa tuseme meneja yuleyule angeziweka alama hizo 4 katika kiungo, kikawa 20. Tufani ingeongoza kwa alama moja na kupata nafasi 5. Ingepoteza moja mbele ya ulinzi wa Radi na kubaki na 4. Radi ingeanza na nafasi 4, ipoteze 3, ibaki na 1 pekee. Alama ni zile zile, wachezaji ni wale wale, lakini mpinzani ametoka nafasi nne hadi moja. Aliyedhani mabao hutoka kwa washambulizi tu amepata somo.

Lakini asiharakishe kushangilia. Meneja wa Radi naye hakulala. Huenda amekisia kwamba Tufani itaimarisha kiungo, akamweka nje beki mmoja na kumwingiza kiungo wa ziada, hivi kwamba ulinzi wake ukashuka hadi 12 na kiungo chake kikapanda hadi 25. Hapo Radi ingeongoza kiungo kwa alama 5, ipate nafasi 9, na baada ya kupoteza 3 ibaki na 6. Tufani ingebaki na 4. Uamuzi uliokuwa bora dakika moja iliyopita umegeuka kuwa wa hatari, kwa sababu tu ya kilichoandikwa ndani ya bahasha ya mtu mwingine.

Hatua ya dadu ndiyo inayolinda ladha ya kandanda. Kipa wa Radi ana alama 5, kwa hivyo bao hupatikana jumla ikiwa 8 au zaidi. Dadu mbili zina matokeo 36, na 15 kati yake hufikia kiwango hicho. Dhidi ya kipa wa Tufani inahitajika 9 au zaidi, na matokeo yanayofaa ni 10 tu. Tofauti ya alama moja ya kipa, kwa hivyo, si jambo dogo. Imepunguza uwezekano wa bao kwa thuluthi nzima. Hata hivyo, timu yenye nafasi moja huweza kufunga na yenye nafasi nne ikatoka mikono mitupu. Mwenye bidii hushinda msimu. Mwenye bahati huweza kushinda siku.

Ukali na nidhamu

Michezo mingi humruhusu meneja kuagiza wachezaji wake wacheze kwa ukali. Ukali huongeza nguvu za ulinzi au kiungo, lakini una bei yake: kadi za njano, kadi nyekundu, penalti na majeraha. Adhabu hujumlishwa. Mchezaji aliyefikisha idadi fulani ya pointi za nidhamu husimamishwa mechi kadhaa, na katika kikosi cha watu 16 au 18, kuwakosa watatu kwa mpigo huweza kuharibu kampeni nzima. Mameneja wenye hekima huhifadhi ukali kwa mechi za kombe au zile za kuepuka kushushwa ngazi.

Mazoezi na umri

Kila zamu, klabu huwa na kiasi kidogo cha mazoezi cha kugawa. Kijana wa miaka 18 huimarika upesi. Mkongwe wa miaka 32 hudumisha tu alichonacho. Msimu ukiisha, kila mchezaji huongezewa mwaka mmoja, na waliovuka umri uliowekwa hupunguziwa alama au hustaafu. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na bao la dadu na kuwa shule ya kupanga. Meneja aliyetwaa ubingwa kwa kikosi cha wakongwe hujikuta msimu unaofuata ana jina kubwa na miguu mizito. Aliyewavumilia chipukizi, akakubali kumaliza katika nafasi ya saba kwa misimu miwili, huvuna alichopanda, mradi hakukata tamaa na kuacha kutuma barua.

Fedha na mnada wa siri

Mapato ya klabu hutokana na viingilio vya mechi, ambavyo hutegemea nafasi ya timu katika jedwali, na zawadi za kombe. Matumizi ni mishahara, mazoezi na ununuzi wa wachezaji. Salio likiwa chini ya sufuri, msimamizi huweza kuwauza wachezaji bila ridhaa ya meneja.

Soko la uhamisho huendeshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mapatano ya moja kwa moja: mameneja wawili huandikiana, hukubaliana bei, na kila mmoja hutaja makubaliano hayo katika fomu yake. Yasipolingana, biashara haipo. Ya pili ni mnada wa siri. Msimamizi hutangaza wachezaji wanaouzwa. Kila meneja huandika zabuni yake bila kujua ya mwenzake. Anayetaja kiasi kikubwa zaidi humtwaa mchezaji na kulipa alichoandika.

Mnada wa siri una mtego wake. Anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria thamani ya mchezaji kupita wengine wote, yaani aliyelipa kuliko soko zima lilivyoona inafaa. Meneja aliyetoa 300 ilhali wa pili alitoa 140 amempata mshambulizi, lakini ametupa 159 ambazo zingempatia beki. Kwa sababu hiyo, mameneja wazoefu husoma kwa makini matokeo ya minada iliyopita, wakijua nani hununua kwa pupa, nani ana fedha na nani anajifanya anazo.

Siku ya mwisho na barua isiyofika

Katika mchezo wowote wa posta, mpinzani wa kwanza wa meneja ni kalenda. Siku ya mwisho ikipita bila fomu kufika, ligi haisubiri. Kwa kawaida msimamizi hutumia kikosi cha mechi iliyotangulia, akiwaondoa majeruhi na waliosimamishwa, na pengine kuipunguzia timu alama. Klabu haifanyi mazoezi, hainunui wala haiuzi. Anayekosa zamu mbili au tatu mfululizo hupokonywa klabu, ikapewa mtu aliye katika orodha ya wanaongoja.

Kanuni hii yaweza kuonekana kali, lakini ina sababu nzito. Meneja anayetoroka hajidhuru peke yake. Klabu iliyoachwa bila mwenyewe hutoa ushindi wa bure kwa wale wanaokutana nayo baadaye, ilhali waliokutana nayo mapema walitoka jasho. Ligi yenye klabu tatu za namna hiyo hupoteza maana, na waliobaki nao huanza kuondoka. Michezo mingi ilikufa hivyo, si kwa ubaya wa kanuni zake bali kwa uchovu wa watu.

Aidha, mchezo mzima ulitegemea posta. Mgomo wa wafanyakazi wa posta wa Uingereza mwanzoni mwa 1971 ulidumu majuma saba, na mgomo mwingine ukazuka Septemba 1988. Katika vipindi vya namna hiyo, msimamizi hana budi kusogeza siku ya mwisho na kungojea. Msomaji wa hapa nyumbani aliyekulia enzi za kwenda kufungua sanduku la posta mjini mara moja kwa juma ataelewa vyema ugumu wa ligi ambayo refa wake ni muhuri wa posta.

Msimamizi na suala la uaminifu

Msimamizi huona yote. Anajua zabuni za kila mtu, kikosi cha kila mtu na udhaifu wa kila mtu, na ndiye anayerusha dadu mahali ambapo hakuna shahidi. Mchezo wote umejengwa juu ya imani kwamba hatapendelea.

Njia kadhaa zilitumika kuilinda imani hiyo. Msimamizi hakuruhusiwa kuwa na klabu katika ligi anayoiendesha. Kanuni za hesabu zilichapishwa wazi, ili meneja aweze kukagua matokeo yake kwa kalamu na karatasi. Baadhi walitumia tarakimu kutoka chanzo cha hadharani badala ya dadu zao, kwa mfano bei za hisa zinazochapishwa magazetini siku iliyotajwa mapema. Kampuni nazo ziliachia tarakilishi kazi ya kukokotoa, jambo lililopunguza makosa ya hesabu, ingawa mara nyingi kanuni zenyewe zilifichwa na meneja akabaki kukisia kilichomo ndani ya programu.

Kulikuwa pia na swali la fedha. Wachezaji wa michezo ya kampuni walilipa ada za zamu kadhaa mapema, na kijarida kidogo nacho kilidai amana ya stempu. Msimamizi akiugua, akipoteza kazi au akichoka tu, ligi iliweza kukatika katikati ya msimu na amana zikapotea. Ndiyo maana wachezaji waliopeana ushauri katika majarida walisisitiza jambo moja: kabla ya kujiunga, chunguza kama msimamizi amewahi kuimaliza misimu aliyoianza. Kanuni nzuri zenye msimamizi mbaya hazifai kitu, lakini kanuni za wastani mikononi mwa mtu mwaminifu huweza kudumu miaka mingi.

Barua, magazeti na urafiki

Faida ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria ni mazungumzo. Mameneja waliandikiana kuhusu uhamisho, kisha kuhusu kazi na familia zao. Ligi nyingi zilikuwa na ukurasa wa taarifa kwa vyombo vya habari, ambapo meneja alitunga visa vya kuchekesha: kipa aliyekosa basi, mwenyekiti aliyetishia kujiuzulu, mashabiki waliodai kichwa cha kocha. Wengine waliandika taarifa hizo kwa ufundi kiasi kwamba hata waliokuwa mkiani mwa jedwali waliendelea kulipa ada ili wasikose kusoma.

Mbinu ziliingia humo pia. Meneja aliyetangaza kwamba mshambulizi wake ni mgonjwa huenda alisema kweli, au alikuwa akimvuta mpinzani apunguze mabeki. Kudanganya katika taarifa kuliruhusiwa. Kumdanganya msimamizi hakukuruhusiwa kamwe.

Tarakilishi yaingia

Mpinzani aliyeishinda bahasha alikuwa tayari amezaliwa. Mnamo 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa mchezo wa Football Manager kwa tarakilishi ndogo za nyumbani za wakati huo. Mnamo 1992 ndugu Paul na Oliver Collyer walitoa Championship Manager, ambao baadaye ungeenea duniani kote. Meneja sasa aliweza kumaliza msimu kwa siku chache badala ya nusu mwaka, bila stempu wala kungojea.

Jambo moja tu lilikosekana: binadamu upande wa pili. Tarakilishi haikasiriki, haijigambi na haikuandikii barua ya kukulaumu kwa kumlaghai katika biashara ya winga. Pengo hilo lilizibwa na intaneti. Mnamo 1997 Hattrick ulianzishwa nchini Uswidi, na katika mchezo huo mameneja walio binadamu hupambana kwa ratiba maalumu, wakituma vikosi kabla ya saa iliyowekwa na kungojea matokeo. Anayeuchunguza atatambua mara moja urithi wa posta: siku ya mwisho, kikosi cha siri, mazoezi ya polepole, wachezaji wanaozeeka na mnada, ingawa mnada wake ni wa wazi. Kilichobadilika ni chombo cha kubebea maagizo. Baadhi ya ligi za zamani nazo zilihamia barua-pepe, zikabaki na kanuni zilezile.

Anayetaka kuanzisha ligi

Mchezo huu hauhitaji mtambo wowote. Watu wanane au 10, shuleni, kazini au mtaani, waweza kuanzisha ligi kwa karatasi, dadu mbili na msimamizi mmoja asiye na klabu, huku maagizo yakitumwa kwa simu badala ya posta. Yafuatayo yafaa kuzingatiwa. Kwanza, kanuni ziandikwe zote kabla ya mechi ya kwanza na zisibadilishwe katikati ya msimu. Pili, msimu wa kwanza uwe mfupi. Tatu, siku ya mwisho isisogezwe kwa ajili ya mtu mmoja, awe rafiki au jamaa. Nne, msimamizi ahifadhi maagizo yote hadi msimu uishe, ili malalamiko yaweze kukaguliwa. Tano, fedha halisi zisihusishwe. Pindi dau linapoingia, kila dadu huzua shaka.

Wakiyafuata hayo, watapata kile ambacho mameneja wa bahasha walikijua: kwamba katika kandanda ya karatasi, kama ilivyo katika ile ya nyasi, timu hujengwa polepole, hubomoka haraka, na haiwezi kuwapo kabisa pasipo wapinzani wanaotimiza ahadi ya kufika uwanjani.